Kula nje Lamu: mbele ya bahari, ndani ya mji, Shela au kupikiwa?

MwanaTana
Assalaam aleikum na hamjambo wote. Disemba tunakuja Lamu na familia: mimi, baba watoto, watoto wawili na mamangu mzazi. Tumepata nyumba Mkomani, upande wa kaskazini wa mji, ina jiko na kila kitu, ila mimi sikufunga safari yote hiyo kuja kuosha sufuria. Nataka kula nje.

Nikitafuta mtandaoni napata orodha zilizoandikiwa watalii, na kila orodha inataja hoteli zile zile tatu nne za mbele. Wenyeji nisaidieni kulinganisha: mikahawa ya mbele ya bahari, hoteli ndogo za ndani kule Usita wa Mui (ile barabara kuu ya ndani ya mji), kwenda kijiji cha Shela, au kumlipa mpishi aje nyumbani. Mambo mawili mzingatie: mama ana magoti, ngazi zinamsumbua, na mtoto mdogo akionja pilipili tu ni kilio. Mfuko ni wa wastani.

MtuWaLangoni
Wa aleikum salaam dada, karibu Amu. Kabla hujachagua mahali, jua kwamba huku chakula kina saa zake. Wageni wengi wanaorudi kwao wakisema Lamu hakuna cha kula walitoka nyumbani saa siyo.

Mahamri na mbaazi ni ya asubuhi. Mama wa mahamri anaweka karai jikoni alfajiri, watu wakitoka msikitini anaanza kuuza, na wewe ukijikokota mpaka saa nne utamkuta anakunja jamvi. Adhuhuri ni wali: wali wa nazi na samaki, pilau, na Ijumaa baada ya sala ndiyo biriani. Ikiisha imeisha, hakuna sufuria ya pili. Kuanzia saa saba mpaka alasiri mji unalala. Maduka mengi yamefungwa, na ukizunguka juani kutafuta chakula utakutana na punda tu. Kisha Magharibi ikishaswaliwa mji unafufuka: viazi karai, mishkaki, bajia, sambusa, kaimati, vyote barabarani na pale Mkunguni mbele ya ngome.

Kwa hiyo mimi ningegawa hivi: asubuhi na usiku kuleni ndani ya mji. Mchana kama mmechelewa, nendeni mbele, kule jiko haliangalii saa. Shela mara moja inatosha. Mpishi mwiteni siku mkiwa mmechoka.

NahodhaMstaafu
Nakubaliana na Langoni, lakini mbele ya bahari pasidharauliwe. Watu wa mji husema pale ni pa wageni, na jioni nawaona hao hao wamekaa wanapunga upepo na glasi ya juisi mkononi.

Kwa mama mwenye magoti, mbele kuna faida ambazo hoteli za ndani hazina: kiti chenye mgongo, nafasi ya kunyoosha mguu, choo. Ila tazameni kwanza. Mikahawa kadhaa iko ghorofani chini ya makuti. Mandhari ni safi, lakini ngazi za nyumba za Lamu ni nyembamba na zimesimama kama za minara. Chagueni ya chini. Mkahawa wa Hapa Hapa, kwa mfano, ni ya siku nyingi na unaingia moja kwa moja kutoka barabarani.

Tatizo la mbele ni kungoja. Samaki anaanza kupikwa ukishaagiza, na kama meza tatu zimeagiza kabla yako, watoto watakula vijiti vya meno. Mimi hupita mapema, naagiza, namwambia muhudumu nitarudi saa fulani, kisha naenda zangu kutazama mashua. Disemba pia ni msimu wa embe. Juisi ya embe wakati huo ni nzito, karibu uile kwa kijiko, na hiyo nakubali kulipia bei ya mbele.

KijanaWaMvita
Mzee wangu, kwa heshima zote, juisi nakupa, samaki sikupi.

Niliagiza samaki wa kupaka mkahawa mmoja wa mbele (siutaji), nikaletewa changu aliyekaangwa kwa mafuta kisha akamwagiwa tui jepesi juu. Samaki wa kupaka anakaa juu ya makaa. Anachomwa upande mmoja, anapakwa tui zito lenye bizari na ukwaju au ndimu, anageuzwa, anapakwa tena, mpaka tui linashikana na ngozi na kingo zinaanza kuungua. Hiyo harufu ya tui linaloungua kwenye makaa ndiyo nusu ya chakula. Kwa hiyo dada, kabla ya kuagiza popote, ulizia kama jiko la makaa limewashwa. Wakisema la gesi, agiza kitu kingine.

Halafu mbona hakuna aliyetaja mkate wa mofa? Mombasa kuupata ni kazi, lakini Lamu bado upo. Unga wa mtama, unaokwa kwenye tanuri la udongo lililopashwa kwa kuni. Ukiuzwa ungali wa moto una gamba gumu nje na ndani ni mwororo. Unauvunja kwenye bakuli la supu, unaacha unywe kidogo, ndipo unakula. Ukipoa ni jiwe, usinunue wa kesho.

BintiShela
Nimekuja kutetea kwetu. Shela ni kilomita 3 kutoka mjini. Mtalii anatembea dakika 45 kando ya bahari na kupiga picha, lakini nyinyi na mama msijaribu. Maji yakijaa njia inafunikwa mahali, na wakati wa bamvua, yale maji makubwa, ndiyo kabisa. Pandeni boti pale jetini. Ile ya kuchanga na abiria wengine ni nafuu, ya kukodi peke yenu mnakubaliana bei kabla ya kukanyaga ndani. Na swali la muhimu kuliko yote: ya kurudi. Usiku boti za kuchanga hakuna, nahodha anakuona una watoto wamesinzia na bei inapanda. Mkubalieni mtu mmoja kwenda na kurudi, mlipeni mkishafika nyumbani.

Chakula chenyewe? Ukweli, Shela ni ghali. Hoteli ya Peponi iko pale tangu 1967, baraza yake inatazama mkondo wa bahari na jahazi zinapita karibu na meza yako. Ndiyo sehemu ya kula vizuri kwa utulivu, na kama baba watoto anataka kinywaji baridi chenye nguvu atakipata, jambo ambalo mjini hoteli nyingi hazina kwa sababu ya dini. Lakini kwa bei ya chakula kimoja pale familia inakula mjini siku nzima. Nendeni mchana, watoto waogelee, mle kitu chepesi, mrudi kabla ya giza.

Mzenji
Sisi Unguja tuna Forodhani, jioni moja unamaliza kila kitu. Lamu hakuna mfano wake?

MtuWaLangoni
Hakuna, na mimi sioni hasara. Forodhani meza zimejipanga na kila muuzaji anakuita. Huku muuzaji yuko kwenye kona yake, na kona hiyo unaijua kwa moshi. Mmoja ana mishkaki tu. Mwingine ana viazi karai tu, na amevichovya kwenye unga wenye bizari tangu wewe ukiwa mdogo. Unakusanya chakula chako ukitembea. Kwa mgeni inachanganya usiku wa kwanza, usiku wa pili ushajua.

Mzenji
Sawa bwana. Lakini urojo mje kwetu.

MpishiHuru
Mimi nazungumzia chaguo la nne, maana naona mnalipita mbio na kwa familia ya watu watano huenda ndilo nafuu.

Nyumba nyingi za kupanga Lamu na Shela zina mpishi, au mwenye nyumba anamjua mmoja. Utaratibu wa kawaida: mnakaa naye jioni mnapanga chakula cha kesho, mnampa pesa za soko, anarudi na chenji na bidhaa, na malipo yake ya kazi ni mbali. Tatizo linaanza pale mgeni anaposema "pika chochote". Mwambie unachotaka. Na kama unaweza, amka uende naye. Soko liko ubavuni mwa ngome, na samaki wanakuja asubuhi. Mtazame anavyochagua: anafunua shavu aone kama ni jekundu, anabonyeza mgongo kwa kidole, kama nyama hairudi anaondoka bila kuuliza bei. Utajifunza mengi kuliko kwenye mkahawa wowote.

Na msiwe na orodha ngumu. Pweza hupatikana zaidi siku za bamvua, maji yakitoka sana watu wakaingia miambani. Maji mafu, yale yasiyotoka sana, yakifika, pweza haba na bei juu. Kaa wa mikoko hivyo hivyo, leo wapo kesho hawapo. Disemba kaskazi inavuma na wavuvi wanatoka vizuri, kwa hiyo nguru, kolekole na tafi hamtakosa. Mwambie mpishi, "Lete kilicho kizuri leo, nitakula nazi au nitakula kukaanga." Hapo mtakula.

TendeNaKahawa
Naandika kutoka Muscat, nyumbani ni Mkomani. Nyote mmesahau kahawa. Baada ya chakula cha usiku, msiende kulala na mate makavu. Yupo mwenye dele la shaba na makaa chini yake, vikombe vidogo vinalia mkononi mwake, kahawa chungu ya tangawizi, kwa sarafu chache tu. Nunueni na kipande cha halwa. Mama akae barazani, hata kama hajui hiyo baraza ni ya nani, hakuna atakayemwinua.

KijanaWaMvita
Nakazia. Na halwa inunuliwe mahali inapopikwa, si ile ya pakiti iliyokaa dukani.

Safina_K
Tahadhari moja kuhusu kupikiwa. Ukishuka tu kwenye boti atakuja kijana mchangamfu kukwambia mamake anapika chakula cha Kiswahili nyumbani, mje mle pamoja na familia. Wapo wa kweli, na chakula chao ni kizuri sana. Lakini sisi tulikubaliana na mmoja, akaomba pesa zote za samaki mapema, jioni tukangoja mpaka watoto wakalala na njaa. Tangu siku hiyo sheria yangu ni kumpitia mwenye nyumba ninayolala. Akimjua, sawa. Asipomjua, asante, siku nyingine.

NahodhaMstaafu
Pole sana dada Safina. Ni kweli wapo, na wanatuaibisha. Hata aliye mkweli usimpe zaidi ya pesa za soko, nyingine baada ya kula.

MwanaTana
Jamani asanteni, nimejifunza kuliko orodha zote nilizosoma. Nimeamua: asubuhi mahamri ya barabarani, adhuhuri mara ndani mara mbele kulingana na magoti ya mama, Shela mchana mmoja, na mpishi siku mbili hivi kupitia mwenye nyumba. Usiku tunakusanya kwa kutembea kama alivyosema MtuWaLangoni, ila naona kutoka Mkomani hadi huko chini ni mwendo, na magari hakuna. Mama atafikaje? Na hao wauzaji wa barabarani wanapokea M-Pesa? Na pilipili je?

MtuWaLangoni
Mama hana haja ya kushuka mpaka Langoni, kule kusini mwa mji. Mkunguni ni katikati ya mji, kutoka Mkomani ni mwendo mfupi wa tambarare, na pale kuna mahali pa kukaa chini ya miti. Mwekeni hapo na mtoto mmoja, nyinyi wengine mzunguke mkileta vitu. Mpite njia ya mbele ya bahari, ni pana. Huko ndani mtabanana na punda waliobeba matofali, na punda hapishi mtu.

M-Pesa hoteli zinapokea. Mama wa mahamri bebeeni pesa ndogo ndogo, noti ya elfu asubuhi itamkosesha raha.

Pilipili usihofu sana. Mishkaki na bajia, pilipili inakuja pembeni. Viazi karai mwambie muuzaji mapema asimwage sosi ya ukwaju juu, akupe kwenye kimfuko, uionje wewe kwanza. Mbaazi ndizo za kuangalia: wengi hutumbukiza pilipili nzima ndani ya tui bila kuipasua, mbaazi zenyewe haziwashi, lakini ole wako kijiko kikiipasua. Mwambie asikuchotee nayo.

Na mkifika katikati ya wiki, biriani ulizieni Alhamisi mhifadhiwe sahani zenu.