Kidonda cha uume kisichopona: lini tuache kurudia dawa za zinaa?

Tabibu_Zahanati
Wakuu, naomba mwongozo. Mwanaume mtu mzima, hajatahiriwa, govi limebana halifunuki, linatoa usaha wenye harufu, na ukipapasa kwa juu unakuta kitu kigumu chini yake. Anapimwa kaswende na VVU, anapewa dawa za vidonda vya sehemu za siri, anaondoka. Anarudi vilevile, anapewa tena. Mpaka lini? Na sisi wa zahanati tufanye nini kabla ya kuandika rufaa?

Mpasuaji_Mkojo
Mkuu, kitu kigumu chini ya govi lisilofunuka kihesabu kuwa saratani mpaka maabara ikatae. Huyo mpe dawa za usaha kama anazihitaji, lakini rufaa aondoke nayo siku hiyohiyo.

Kwa kidonda kilicho wazi kisicho na uvimbe, fuata kalenda. Kidonda cha kaswende hujifunga ndani ya wiki 3 hadi 6 hata bila dawa, sembuse aliyechomwa benzathini penisilini yuniti milioni 2.4. Malengelenge ya hepesi huchukua wiki 2 hadi 4, ingawa kwa mwenye VVU ambaye kinga imeshuka yanaweza kuvuka mwezi. Kwa hiyo duru moja ya dawa, kamili. Wiki 4 zikipita hakijafunga, hakuna duru ya pili, ni rufaa. Na kikiwa na kingo ngumu zilizoinuka, au kinavuja damu kikiguswa tu, hata hizo wiki 4 usimsubirishe. Kaswende kuwa chanya hakufuti saratani. Mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili, na hapo ndipo wengi wanapopotelea.

Kabla hajaondoka, mlaze chali upapase kinena pande zote mbili. Andika mitoki: mingapi, ukubwa kwa sentimita, inasogea au imeganda. Takriban nusu ya mitoki inayopapasika mwanzoni ni ya uambukizo tu. Iliyobaki ni saratani iliyokwisha kuhama. Zamani mgonjwa alimezeshwa antibayotiki wiki 6 ndipo mitoki ipimwe upya. Desturi hiyo imeachwa kwa sababu saratani haisubiri. Siku hizi mtoki unachomwa sindano nyembamba na chembe zinapelekwa kupimwa. Usiupasue kama jipu! Ukiwa na saratani ndani, utaacha donda lisilofunga. Uhai wa mgonjwa huyu unategemea zaidi kinena kuliko uume wenyewe.

Patholojia_Benchi
Naongezea upande wa maabara, maana kinyama kibaya, yaani kipande cha kidonda kinachokatwa kwa kupimwa, huleta jibu baya. Kikatwe ukingoni, pale kidonda kinapopakana na ngozi nzima, na kishuke chini. Katikati kuna uozo na usaha mtupu: jibu litarudi "uvimbe wa uambukizo" na mgonjwa atatulizwa bure. Tumia chupa ya mdomo mpana yenye formalini ya asilimia 10, ujazo wake angalau mara 10 ya kinyama. Maji ya dripu hayafai, spiriti haifai. Jina liandikwe kwenye chupa, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana mezani.

Na kama mmempasua govi au kumtahiri ili kuufikia uvimbe, govi zima lije kwetu. Mara nyingi linaishia kwenye ndoo ya taka, na jibu limo humohumo.

Tabibu_Zahanati
Nimewaelewa. Tatizo jingine: wakisikia "kukatwa" wanatoroka, wanaenda kupaka majani. Wanaambiwaje?

Mpasuaji_Mkojo
Waambie kwamba kinachokatwa kinategemea siku waliyokuja. Saratani iliyo juujuu tu ya ngozi, bila uvimbe, inaweza kutibiwa kwa krimu ya fluorourasili ya asilimia 5, siku moja anapaka nyingine anaruka, wiki 4 hadi 6, baada ya kutahiriwa. Iliyo kwenye govi peke yake inaweza kuisha kwa tohara. Ya kwenye kichwa cha uume, huondolewa kichwa hicho na kufunikwa kwa ngozi ya paja. Kanuni ya kale ya kukata sentimita 2 nyuma ya uvimbe haitawali tena. Milimita chache zinatosha maabara ikithibitisha ukingo ni safi. Akibaki na kipande cha kutosha, atakojoa amesimama, na wengi huendelea na tendo la ndoa. Anayekuja amechelewa huondolewa uume wote, mkojo ukahamishiwa kati ya korodani na njia ya haja kubwa, akojoe amechuchumaa.

Mitoki ikiwa mikubwa au imeganda, hutangulia dripu za dawa za saratani, paklitakseli, ifosfamidi na sisplatini, duru 4, kisha upasuaji wa kinena. Huo mwonye mapema: kidonda huchelewa kupona na mguu unaweza kubaki umevimba daima. Baadaye arudi kila miezi 3 kwa miaka 2 ya mwanzo, ndipo saratani inaporudi zaidi. Mkojo ukianza kuwa mwembamba asingoje tarehe, tundu linaziba.

Muuguzi_Tohara
Kuhusu kinga: tohara ya utotoni hukinga sana kwa kuwa govi halipati nafasi ya kubana. Ya ukubwani hukinga kidogo, isiuzwe kama dhamana, ila hupunguza maambukizi ya HPV, kirusi kinachokutwa katika takriban nusu ya saratani hizi. Chanjo yake inatolewa kwa wasichana, Tanzania tangu 2018 na Kenya tangu 2019. Wavulana hawamo kwenye ratiba hizo. Sigara nayo ni chanzo, na huwa hatuiulizi.

Asiyetahiriwa afunue govi kila siku, aoshe kwa maji na sabuni ya kawaida, akaushe, kisha alirudishe. Likiachwa nyuma linakaba kichwa. Dettol hapana, inachubua. Govi la mtoto mchanga lisivutwe kwa nguvu, kovu lake ndilo hubana ukubwani. Mke wa mgonjwa naye aandikiwe uchunguzi wa mlango wa kizazi: saratani haiambukizi, kirusi kinaambukiza.