Mjadala: Mdadisi akikuuliza umezika watoto wangapi na choo chako ni cha aina gani, unamjibu?

Mleta mada
Wakuu, jana shemeji yangu wa Mufindi, Iringa, kanipigia simu amefura. Wadadisi wa utafiti wa kaya wamefika kwake na vishikwambi, mwenyekiti wa kitongoji mbele. Wamemuuliza dada amezaa mara ngapi, wangapi wamefariki, mdogo alikula nini jana mchana na usiku. Kisha mtoto akalazwa kwenye ubao kupimwa urefu, akachomwa kidole kutolewa damu. Kilichomtia hasira zaidi ni choo. Waliomba kukiona! "Choo changu serikali inakitakia nini?"

Mimi nasema wajibiwe. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na Iringa ni zaidi ya nusu. Iringa hii hii ya mahindi, viazi na maziwa. Zahanati isingeligundua hilo, maana nani anampeleka mtoto zahanati kwa sababu ni mfupi? Tunasema kamfuata babake. Ilibidi mtu aingie ndani na ubao wake, aulize ule ugali wa jana ulikuwa na nini. Vifo hali kadhalika. Mtoto akifia nyumbani, akazikwa nyuma ya migomba bila cheti, anayekumbuka ni mamake. Kwa kuuliza akina mama ndipo tukajua vifo vya watoto wa umri huo vimeshuka kutoka 67 kwa kila vizazi hai 1,000 kwenye utafiti wa 2015-16 hadi 43 mwaka 2022.

Mchangiaji wa Tanga
Sawa, ila kuna namna ya kuuliza. Mimi niliulizwa kama mume amewahi kunipiga huku mama mkwe yuko mkekani anachambua mchele, kimya, masikio yote kwangu. Ningejibu nini? Nilisema hapana, hapana, hapana. Hizo hapana zangu zimo kwenye takwimu zenu.

Niliyewahi kuwa mdadisi
Pole dada. Huyo alikosea. Kwenye tafiti hizi za afya sehemu ya ukatili huulizwa mwanamke mmoja tu katika kaya, anapatikana kwa bahati nasibu, na msipokuwa peke yenu inarukwa. Una haki pia ya kukataa swali lolote.

Choo nacho kina kazi yake. Ukimuuliza mtu kipato atakutajia cha kukufukuza. Kwa hiyo tunauliza bati, sakafu, redio, choo, ndipo kaya inapangwa kwenye daraja la hali ya maisha. Hata hapo ujanja haukosekani: wakidhani ni TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, wanakuja kuandikisha, televisheni inahamia kwa jirani. Majina hayatoki, na nukta za ramani zinazoonyesha eneo lenu husogezwa makusudi kabla ya kupewa watafiti, hadi kilomita 2 mjini na 5 kijijini, au hata zaidi kwa vijiji vichache.

Mchangiaji wa Kahama
Umeeleza vizuri mkuu, lakini kwetu walipita, wakaondoka, basi. Mpaka leo hatujui tulionekanaje. Faida gani hiyo?

Niliyewahi kuwa mdadisi
Hapo umenishika. Mlangoni tulikuwa tunasema "ni kwa faida ya kijiji chenu". Si kweli hasa. Kijiji kinatoa kaya ishirini na kitu, huwezi kukisemea kwa hizo. Jibu lako linaingia kwenye hesabu ya mkoa. Tungewaambia watu hivyo tangu mwanzo.

Mleta mada
Na hesabu ya mkoa isomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili cha kawaida, isiishie kwenye ukumbi wa semina Dodoma. Halafu kuna la fedha. Marekani, iliyokuwa ikigharamia mpango wa tafiti hizi kupitia shirika lake la misaada, USAID, katika nchi nyingi, iliufuta 2025. Tusipolipia wenyewe, tutabaki kubishana bila namba.

Shemeji nimemsomea michango yenu kwa simu. Kumbe dada alipewa karatasi papo hapo: mdogo ana upungufu wa damu, Jumatatu wanakwenda zahanati. Kuhusu choo bado amenuna.