Naomba ushauri: nyonga inakaza, nifanye zoezi gani?

Habari zenu wakuu. Nipo Kigoma mjini, ni bodaboda, naenda sana Mwanga na Ujiji, na Jumapili nacheza beki ya kulia. Yapata miezi miwili nyonga ya kulia inakaza kwa mbele, karibu na kinena. Nikishuka kwenye pikipiki natembea kama babu mpaka nichangamke. Kupiga shuti ndiyo usiseme.

Mtaalamu wa viungo kaniambia kiungo chenyewe kizima, kichwa cha mfupa wa paja kimekaa vizuri kwenye kikombe chake. Shida ni msuli unaotoka kiunoni kushuka pajani, ule unaoinua goti. Kutwa nimekaa, umejikunja. Tako nalo limelegea, na kumbe ndio msuli mkubwa kuliko yote mwilini (mimi nilijua ni paja!).

Kilichonichanganya: anasema tako lina nyuzi mchanganyiko, za polepole zisizochoka upesi na za kasi zenye nguvu ila zinachoka haraka. Sasa nichuchumae mara nyingi bila uzito, au nibebe ndoo ya mchanga mara chache? Gym ya kulipia siiwezi. Na mpira niache kwanza? Aliyepitia hili anisaidie.