Tiketi ya bei kamili kwa kajipisti kamoja (kanjia ka kuteleza) ka theluji ya mashine: huu ni upigaji!

Wakuu, hasa mlioko Ujerumani, Austria na Uswisi, hivi hawa wenye vituo vya skii (kuteleza kwenye theluji) wanatuona mabwege?

Desemba iko katikati, Munich ni mvua tu, na milima ya karibu bado ina majani. Sawa, sigombani na mawingu. Ninachogombana nacho ni taarifa zao za theluji. Kituo nilichokwenda Jumamosi (kiko Tyrol, Austria, jina naliacha) kiliandika "sentimita 60, hali nzuri". Nimeamka saa kumi alfajiri, nafika, nakuta matope. Kumbe hizo sentimita 60 zimepimwa kileleni, ambako lifti yenyewe ya kupandisha watu mlimani imefungwa! Na kamera yao ya mtandaoni wameielekeza palepale palipo peupe, ukiitazama ukiwa nyumbani unadhani ni Februari.

Iliyokuwa wazi ni pisti moja, huku majani na huku majani, na watu wamejazana kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Kufika saa nne theluji ilishakwanguliwa, imebaki barafu na mawe yanachungulia. Skii zangu zimechimbika chini, fundi anataka hela ya kuziba na kunoa kingo. Na bei ya tiketi? Ileile ya siku ambayo lifti zote zinafanya kazi. Nikamuuliza dada wa dirishani kama kuna punguzo, akasema bei inapangwa na "mfumo". Mfumo!

Msiniambie walitegemea mashine. Mizinga ya theluji, yaani hizo mashine za kuitengeneza, huanza kufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri, na hewa ikiwa na unyevu inataka baridi kali zaidi. Wiki nzima ilivuma Föhn, ule upepo wa joto unaoshuka milimani, hata usiku unatembea bila koti. Walijua fika hawatatengeneza hata ndoo moja, ila kuuza tiketi hawakuacha. Wala si jambo geni: Januari 2023 kule Uswisi, Gstaad walibeba theluji kwa helikopta, na Adelboden mbio za Kombe la Dunia la skii zilifanyika kwenye mkanda mweupe katikati ya majani. Muda wa kujipanga wameupata.

Najua mtasema "nenda Hintertux, hukohuko Tyrol, kwenye barafuto" (barafu ya kudumu ya milimani). Kweli, kule lifti zinafika mita 3,250 na wanafungua mwaka mzima. Lakini kila aliyekosa theluji kwingine anakimbilia hukohuko, na sisi tusio na gari ni treni hadi Jenbach, treni nyingine hadi Mayrhofen, kisha basi, watoto na mizigo mkononi.

Mimi nataka waandike kina cha theluji kwenye pisti iliyo wazi, si kileleni, na bei ishuke pisti zikifungwa. Basi.

Na wale wa "Mwafrika na theluji wapi na wapi", Philip Boit aliiwakilisha Kenya kwenye skii kule Nagano 1998, tafuteni hoja nyingine.

Mwenye pisti aliyoiteleza mwenyewe jana au leo aweke hapa: mlima gani, mita ngapi, mawe yapo au hayapo. Taarifa za vituo vyenyewe msiniletee.