Ulinganisho: vyungu na matuta ya nyumbani au ploti ya halmashauri? Mboga za majira ya kuchipua hapa Uingereza

Mnyalukolo (Reading)
Wakuu, salaam. Barua ya halmashauri imefika: nimepewa nusu ploti (kipande cha ardhi ya halmashauri cha kulima mboga), mita za mraba kama 125, mwendo wa baiskeli dakika ishirini kutoka nyumbani. Nisipojibu mapema zamu inakwenda kwa mwingine. Kwa upande mwingine nina kiuwanja nyuma ya nyumba kinachopata jua kuanzia saa sita mchana, na madirisha mawili yanayotazama kusini. Tuko wanne, wawili watoto, na mimi nafanya kazi za zamu. Nataka mchicha, sukuma wiki, nyanya, vitunguu, viazi kidogo, na Mungu akijalia mnavu. Nichukue ploti au nibanane hapa hapa na vyungu? Tuko mwezi wa tatu, sitaki kuchelewa. Nawasilisha.

Mama Tumaini (Leicester)
Kaka, chukua, lakini kwa sasa kazi iko dirishani, siyo ploti. Udongo wa mwezi wa tatu huku bado ni baridi. Mchicha unataka joto la nyuzi 18 na kuendelea ndipo uote vizuri. Ukimwaga mbegu nje leo zitaoza au zitakaa tu. Mimi nasia ndani katikati ya mwezi wa nne. Mbegu zenyewe ni punje ndogo mno, kwa hiyo nazichanganya na mchanga mkavu kiganjani, nazinyunyiza juu ya mboji yenye unyevu, nafunika kidogo sana, kisha navalisha trei mfuko wa nailoni mpaka vichwa vyekundu vitokeze. Vikitokeza tu, mfuko unatoka, la sivyo miche inanyauka shingo.

Nje inakwenda mwisho wa mwezi wa tano, jalidi ikishapita. Kabla ya hapo iweke nje mchana na kuirudisha ndani usiku kwa wiki nzima. Mche uliolelewa dirishani ukiutupa kwenye upepo ghafla unaduwaa, na mchicha ukiduwaa unakimbilia kutoa maua.

Sasa jibu lako: mboga ya kuchumwa kila siku mbili ikae karibu na jiko. Mchicha panda nyumbani, tuta la mita moja kwa mbili linatosha familia yako. Ploti ipe vinavyokaa muda mrefu bila kuguswa. Mbegu ukizikosa, ulizia maduka ya Wahindi, au tafuta pakiti iliyoandikwa callaloo, hivyo ndivyo Wajamaika wanavyouita.

Mzee wa Jembe (Birmingham)
Mama Tumaini kasema vizuri, ila namwongezea kijana mambo ambayo barua hiyo haimwambii.

Ploti kamili ya Uingereza hupimwa kwa kipimo cha zamani, poli kumi, ambayo ni karibu mita za mraba 250. Kwa hiyo nusu yako ni eneo la kutosha, usidanganywe na neno nusu. Kwa sheria ya 1922 ni ardhi ya kulima mboga na matunda kwa ajili yako na familia yako, siyo ya biashara. Ziada unaweza kugawa, au kuuza kidogo pale mkataba unaporuhusu. Usome mkataba huo. Sehemu nyingi wanakagua, na ploti iliyojaa magugu inaletewa onyo, halafu inachukuliwa.

Na magugu ndiyo adui wako namba moja. Ploti iliyokaa bila mtu ina nyasi za mizizi myeupe, jamaa wa sangari, na magugu ya kujisokota ambayo kipande cha mzizi kirefu kama kiungo cha kidole kinaota upya. Usikodi mashine ya kulimia! Itakukatia mizizi vipande elfu na kila kimoja kitakuwa mche. Funika theluthi mbili ya ploti kwa maboksi makubwa ya karatasi yasiyo na gundi ya plastiki, juu weka mboji au turubai jeusi, lima theluthi iliyobaki kwa uma wa shamba, polepole, ukiokota mizizi kwa mkono. Mwaka wa kwanza lima kidogo na uvune, kuliko kulima yote na kukimbia mwezi wa saba.

Kingine, samadi ya farasi. Watu wa mazizi wanaitoa bure na wageni wanaifurahia. Kuna dawa ya magugu iitwayo aminopiralidi, hupigwa malishoni. Nyasi haiziui, inapita tumboni mwa farasi na kubaki na nguvu ndani ya samadi. Mwaka 2008 iliharibu bustani nyingi hapa hadi uuzaji wake ukasimamishwa kwa muda. Kabla ya kumwaga shambani, changanya samadi na mboji katika vyungu viwili vitatu, panda maharage. Majani mapya yakitoka yamejikunja na kusokoteka, iache samadi hiyo ilipo. Anayekuletea muulize nyasi za farasi wake zimetoka wapi. Asipojua, fanya jaribio hata akiapa.

Papa Lubum (London)
Mimi nasimama upande mwingine kidogo. Bandugu, ploti siyo ya kila mtu. Huku London ya ndani orodha ya kusubiri ni ya miaka, na halmashauri hazibanwi na sheria kutoa ardhi kama zile za nje. Mimi naishi ghorofa ya nne, nina baraza tu, na matembele sinunui majira yote ya joto.

Nachukua kiazi kitamu cha dukani mwezi wa pili, nakilaza nusu yake ndani ya mboji yenye unyevu, karibu na redieta. Mwezi wa nne kimejaa machipukizi. Nayavunja, nayaweka ndani ya glasi ya maji mpaka yatoe mizizi, halafu kwenye ndoo zilizotobolewa chini. Nje baada ya mwisho wa mwezi wa tano. Viazi vyenyewe ni vidogo, sivitegemei, nakula majani. Lengalenga (mchicha wenu huo) nayo inakubali ndoo, bora iwe na kina cha sentimita thelathini.

Shida ya baraza ni mbili: upepo na maji. Ndoo ya mwezi wa saba inakauka kwa siku moja. Na muulizeni mwenye nyumba kuhusu uzito kabla ya kupanga ndoo za lita arobaini, mboji iliyolowa ni mzigo.

Nyanya_254 (Glasgow)
Hahaha Papa Lubum, ungekuja huku matembele yako yangevaa koti. Sisi tunahesabu jalidi mpaka mwanzo wa mwezi wa sita. Lakini sukuma wiki! Hii ndiyo nchi yake. Nasia mwezi wa nne, napandikiza mwezi wa sita, nachuma majani ya chini mpaka Krismasi na baada ya hapo. Baridi ikiipiga inakuwa tamu zaidi.

Mnyalukolo, sukuma ipeleke ploti, lakini ifunike kwa wavu siku ile ile unayopandikiza. Siyo kesho. Njiwa pori wanabakisha vikonyo vitupu, na vipepeo weupe wanataga mayai chini ya majani. Viwavi wakitoka ni kama mbuzi wameingia. Wavu usigusane na majani, maana kipepeo atataga kupitia matundu. Pia uliza majirani kama kuna ugonjwa wa mizizi kuvimba kwenye sukuma na kabichi. Ukiwepo, unakaa ardhini miaka mingi. Weka chokaa na ukuze miche kwenye vyungu mpaka iwe na mizizi imara.

Na kwa wenzangu wa Scotland mliokwama kwenye orodha: sheria ya 2015 ya kuwezesha jamii inataka halmashauri ichukue hatua pale orodha inapozidi nusu ya ploti ilizo nazo, au mtu akisubiri zaidi ya miaka mitano. Andikeni barua.

Mnyalukolo (Reading)
Asanteni sana, nimeshika kalamu. Naona mchicha nyumbani, sukuma na viazi ploti. Nyanya je? Na vitunguu: dada yangu anakuja kutoka Iringa mwezi ujao, nimwambie abebe mbegu za Red Creole?

Mama Tumaini (Leicester)
Mwambie abebe dagaa. Kwanza mbegu za kupanda zinahitaji cheti cha afya ya mimea kuingia nchini, zitaishia uwanja wa ndege. Pili, hata zikipita hazitakufaa. Red Creole huanza kufunga tunguu siku ikiwa na saa kumi na mbili hivi za mwanga, kama kwetu. Huku mwezi wa tano mwanga umeshapita saa kumi na tano, kitunguu kinafunga kikiwa na majani manne na unavuna gololi. Nunua vitunguu vidogo vya kupanda vya huku, Sturon au Red Baron, uvichomeke ploti sasa hivi, ncha ikichungulia tu. Ndege wakiving'oa, virudishe. Utavuna mwezi wa saba au wa nane.

Mzee wa Jembe (Birmingham)
Nyanya nyumbani, ukutani, penye upenu wa paa unaozuia mvua. Ploti kila jirani ana viazi, na ukungu wa viazi ukija na mvua za joto za mwezi wa saba unahamia kwenye nyanya. Majani yakilowa kutwa ndiyo unashika. Sungold kwenye chungu kikubwa, maji kila siku. Ukilazimika kupanda nyanya ploti, tafuta Crimson Crush, inastahimili. Viazi navyo chukua vya mapema, vitoke ardhini kabla ukungu haujaingia.

Nyanya_254 (Glasgow)
Na managu, huo mnavu wenu, haijajibiwa jamani.

Mzee wa Jembe (Birmingham)
Mnavu utaota wenyewe. Ukifukua tu udongo, mwezi wa sita unajitokeza, na Waingereza wanaung'oa kama gugu. Lakini usichume kwa mazoea ya nyumbani. Mnavu una maua madogo meupe yenye kitovu cha njano, na matunda yake yako kwa vichala. Kuna mmea mwingine wa huku wenye sumu kali: ua lake ni kengele ya zambarau, tunda ni moja moja, jeusi linang'aa, limekalia nyota ya majani mabichi matano. Huo usiuguse, na watoto usiwaache karibu. Ukiona shaka subiri uchanue kwanza. Na wa huku ni mchungu kuliko ule wa kwenu Iringa, chemsha, mwaga maji, ndipo uunge kwa maziwa.

Papa Lubum (London)
Mnyalukolo, ukipewa ufunguo wa geti, angalia kwanza bomba liko umbali gani na ploti yako. Sehemu nyingi hawaruhusu mpira wa maji, ni ndoo na mkono.