Nimeitwa kwenye usaili wa udaktari Uingereza: naomba ushauri wa namna ya kujiandaa

Binti wa Rau (Moshi)

Shikamooni wakubwa zangu, na habari za leo kwa wenzangu wote. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Moshi, ninasoma kwa ufadhili katika shule yenye mtaala wa kimataifa. Kabla ya tarehe 15 Oktoba niliomba kusomea udaktari katika vyuo vinne vya Uingereza, kwa kuwa vinne ndiyo idadi ya juu inayoruhusiwa kwa fani hiyo. Chuo kimoja kimenikataa, viwili bado havijajibu, na kimoja kimeniita kwenye usaili wa video utakaofanyika baada ya wiki tatu. Usaili huo una vituo saba, na kila kituo kina msaili wake na ni cha dakika saba.

Wenzangu wanaoomba udaktari hapa nchini huchaguliwa kwa ufaulu wao wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, wala hawakalishwi mbele ya mtu kuulizwa maswali, kwa hiyo sina jirani wa kumwendea. Kinachonisumbua zaidi ni swali la kwa nini nataka kuwa daktari. Nikijibu kwamba nataka kusaidia watu, nasikia kabisa kwamba hata aliyetangulia amejibu hivyohivyo. Tangu mwaka jana ninajitolea kila Jumamosi katika kituo cha afya, na nimeona mengi, lakini nikiyaeleza yanakuwa kama taarifa ya mkutano. Tena amejitokeza mtu anayedai laki tano ili anipatie maswali yatakayoulizwa, na mama ameanza kuzitafuta fedha hizo.

(Nimehariri. Hapa palikuwa na habari za mgonjwa mmoja. Nimeziondoa kwa sababu aliyoieleza Muuguzi wa Zamu hapa chini.)

Mwaka wa Nne (kwetu Tengeru)

Hongera sana, mdogo wangu. Neno la kwanza nakuomba umpelekee mama leo hii: asitoe hata shilingi. Mtu huyo ama hana maswali yoyote, ama anakuingiza kwenye udanganyifu ambao ukigundulika utafutiwa maombi yako yote.

Mimi nilipitia usaili wa aina hiyohiyo na sasa nasoma huko. Mtindo wa vituo ulianzia Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton, Kanada, na taarifa ya majaribio yake ilichapishwa mwaka 2004. Zamani mwombaji alikaa mbele ya jopo moja, na kama wajumbe wawili hawakumpenda, safari ilikuwa imeishia hapo. Kwa vituo, kila msaili hutoa alama zake bila kujua wenzake wametoa ngapi. Nakuomba ulishike jambo hilo kwa sababu litakuokoa siku yenyewe. Mimi kituo cha pili nilikiharibu vibaya, nikaingia cha tatu bado nakiwaza, nikakiharibu na hicho, ilhali msaili wa tatu hakujua lolote kuhusu aliyemtangulia. Mlango ukifungwa, yaliyopita yaache nyuma yake.

Jambo la pili linatuhusu sisi kwa malezi yetu. Tumefundishwa kwamba mbele ya wakubwa mtoto hajitaji, akifanya jambo husema "tulifanya". Nilipofanya mazoezi, mwalimu wangu alihesabu "sisi" kumi na moja katika jibu la dakika mbili, akaniuliza, "Na wewe ulikuwa wapi?" Msaili hawezi kumpa alama mtu asiyeonekana. Kusema "mimi niliona hivi, nikaamua hivi, na hapa nilikosea" si majivuno, ni ushahidi unaotoa juu ya nafsi yako. Jirekodi kwa simu, sikiliza, halafu rudia.

Usisahau saa. Wakiandika 10:00 kwa saa za Uingereza wakati wa baridi, kwao ni saa nne asubuhi na kwetu ni saa saba mchana. Mwishoni mwa Machi wao husogeza saa zao mbele, na tofauti hubaki saa mbili. Umeme nao usiuamini: chaji kompyuta usiku, weka bando kwenye simu ya pili, na uandike pembeni namba ya chuo ya dharura.

Muuguzi wa Zamu (Moshi)

Binti, nimesoma andiko lako na kabla ya yote nakuomba ulihariri. Umetaja kijiji cha yule bibi, ugonjwa wake, wodi yake na siku aliyolazwa. Hukutaja jina, lakini mtu wa kijiji hicho akisoma hapa atamjua mara moja, na bibi mwenyewe hakukupa ruhusa ya kuisema habari yake. Sikukaripii, najua umeandika kwa moyo mwema. Ila ukisimulia hivyo mbele ya wasaili, watasikia jambo moja tu, kwamba huyu hatunzi siri ya mgonjwa. Sema "mgonjwa mmoja mzee", acha mahali na tarehe, na kama ugonjwa si lazima kwa maana ya hadithi, uache pia.

Sasa hadithi yenyewe. Uliandika kwamba ulimsaidia mgonjwa kuelewa dawa zake na ukafurahi sana. Furaha yako haijanionyesha kitu. Alikuwa ameshika nini? Alisema nini? Ulijuaje kwamba hajaelewa? Twambie hayo.

Binti wa Rau (Moshi)

Nimehariri, dada, na nakushukuru, kwa kuwa sikulifikiria kabisa jambo hilo. Ilikuwa hivi: alikuwa amefunga vidonge kwenye pindo la kanga, na bahasha yake ilikuwa imeandikwa 1 x 2, yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Kila alipoulizwa kama ameelewa aliitikia kwa kichwa. Alipokuwa akisubiri kuondoka nilikaa naye, nikamwomba kwa Kichagga anielekeze jinsi anavyokunywa dawa akiwa nyumbani. Akaniambia kidonge kimoja kwa siku mbili.

Muuguzi wa Zamu (Moshi)

Hapo ndipo pa kuanzia, na hayo ya furaha yaache. Mgonjwa anayeitikia kwa kichwa ninamwona kila siku, na wengi wetu kwa haraka za foleni tunaandika "ameelewa" na kumwita anayefuata. Wewe hukuuliza kama ameelewa, ulimwomba akuelekeze. Vyuoni hufundishwa hivyohivyo, mgonjwa arudie maelekezo kwa maneno yake mwenyewe.

Mwalimu wa Sakina (Arusha)

Nimewafundisha Baiolojia vijana wengi, naomba niongeze kuhusu swali linalopenda kujitokeza: taja tatizo moja la afya katika jamii yako. Karibu kila kijana wa Kitanzania husema malaria, hata anayetoka miinuko ambako malaria si tatizo kubwa, na baada ya sentensi mbili hana la kuongeza. Chagua kitu unachokiona kwa macho yako. Huku kwetu ningesema floraidi. Maji ya chemchemi na visima vingi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano, wakati kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akiyanywa wakati meno ya utu uzima yanajengeka, meno huota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa kupiga mswaki, na kiwango kikiwa kikubwa sana kwa miaka mingi hata mifupa hupinda. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichoshughulikia uchujaji wa maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Angalia mjadala unavyopanuka kutoka hapo: sayansi ya maji, gharama ya chujio kwa familia, binti anayeziba mdomo anapocheka, daktari ambaye hawezi kutibu kisima kwa kuandika cheti. Nina mwanafunzi aliyekuwa akificha meno yake kila anaposimama kujibu darasani, na nilichukua muda mrefu kutambua kwamba ukimya wake haukuwa uvivu. Kwa upande wa Kilimanjaro utaona lako. Litafute kwa macho, lisitoke kwenye daftari.

Kiingereza chako kisikutishe. Tumia sentensi fupi, na usipolisikia swali omba lirudiwe.

Daktari Mstaafu (Arusha)

Marahaba, mwanangu. Wenzangu wamesema vizuri, mimi nitabaki kwenye maadili tu, maana hapo ndipo tofauti ya huku na huko inapomchanganya mtoto wetu.

Utafundishwa misingi minne: hiari ya mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na haki katika kugawa huduma. Kuikariri ni kazi ya jioni moja. Kazi ngumu ni pale misingi inapovutana. Chukua mfano huu, ambao nimekutana nao mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mzee ana saratani. Wanawe wanamvuta daktari pembeni ya korido na kumwambia, "Daktari, mzee usimwambie, atakata tamaa, tueleze sisi." Huku kwetu mara nyingi habari hupita kwa mtoto mkubwa kwanza, na wanaofanya hivyo wanampenda baba yao. Uingereza mgonjwa mwenye akili timamu ndiye mwenye habari zake, na familia haipewi bila ridhaa yake.

Ukijibu kwamba wanawe wamekosea, umewahukumu watu wenye uchungu. Ukijibu kwamba utawatii, umemnyang'anya mzee haki yake. Mimi hufanya hivi: nawasikiliza wanawe hadi mwisho, nawaambia siwezi kumdanganya baba yao, kisha naenda kwa mzee na kumuuliza, "Baba, majibu yako yakitoka, ungependa uelezwe wewe, au nani awepo?" Wapo walioniambia, "Mweleze mwanangu." Hapo nimewaeleza wana, na hiari iliyofuatwa ni ya mzee. Wasaili wanataka kukuona ukitembea katikati ya pande hizo mbili, ukieleza kila hatua kwa nini.

Mwongozo wa maadili wa General Medical Council, baraza linalosimamia madaktari wa Uingereza, unapatikana bure mtandaoni. Soma sehemu za siri ya mgonjwa na ridhaa, taratibu, kwa siku kadhaa. Na wakikuuliza kama utarudi nyumbani, sema ukweli ulio nao leo. Kama hujaamua, sema hujaamua na ueleze unachokipima. Ahadi ya kutamkwa kwa ajili ya alama husikika.

Binti wa Rau (Moshi)

Mama amekubali, fedha hazitoki. Nimejirekodi mara nne, na toleo la nne ni hili kwa Kiswahili:

"Mgonjwa mmoja mzee aliitikia kwa kichwa kila alipoulizwa kama ameelewa dawa zake. Nilimwomba anielekeze anavyozinywa nyumbani, nikagundua kwamba alama ya 1 x 2 kwenye bahasha aliisoma kama kidonge kimoja kwa siku mbili. Nilimwita muuguzi, naye akamweleza upya huku mimi nikitafsiri. Tangu siku hiyo simuulizi mtu kama ameelewa, namwomba anionyeshe."

Muuguzi wa Zamu (Moshi)

Nimeisoma mara mbili. Pale uliposema "nilimwita muuguzi" usipapite haraka, maana lazima watakuuliza: dozi uliijua, kwa nini hukumweleza wewe mwenyewe?

Binti wa Rau (Moshi)

Kwa sababu niliijua bahasha, dada, sikulijua faili lake. Huenda daktari alikuwa amebadilisha dozi asubuhi ile.

Muuguzi wa Zamu (Moshi)

Basi waambie hivyohivyo. Jumamosi ukimaliza zamu yako nitafute, nitakaa kama mgonjwa mwenye hasira na wewe utakuwa na dakika saba.