Feldispa ya potasi au ya sodiamu kwa glezi ya vyungu?

Mfinyanzi_Kirumba: Wakuu, naomba ulinganisho. Nina feldispa (madini yanayoyeyusha glezi) za aina mbili kutoka mawe ya graniti ya hapa Mwanza, moja ya pinki na nyingine nyeupe. Tanuri linafika 1,280°C. Ipi inafaa kwa glezi, lile koti la kioo juu ya chungu?

Mwanamiamba: Mkuu, rangi isikuhadae. Upinki ni vumbi la chuma tu, na feldispa ya potasi nyeupe ipo tele. Vunja kipande, kigeuzegeuze juani mpaka uso bapa umetemete, kisha utazame kwa lenzi ya mara 10. Ukiona mistari iliyonyooka, imebanana kama meno ya kitana, hiyo ni plajioklesi, yaani ya sodiamu na kalisi. Ya potasi haina mistari hiyo. Huwa na michirizi myeupe iliyopindapinda: ni albiti (feldispa ya sodiamu) iliyojitenga jiwe lilipopoa.

Fuwele86: Inajitenga kwa sababu ya ukubwa wa atomi. Kiunzi cha zote ni kimoja: kila silikoni au alumini imezungukwa na oksijeni nne, na kila oksijeni inashikwa na mbili. Alumini ikikaa mahali pa silikoni, chaji inapungua moja, ndipo potasi (KAlSi₃O₈) au sodiamu (NaAlSi₃O₈) inaingia kwenye tundu kuifidia. Kalisi ina chaji mbili, hivyo inadai alumini mbili: CaAl₂Si₂O₈. Potasi ni nene kuliko sodiamu. Kwenye joto kali zinavumiliana, zikipoa taratibu zinatengana.

Moto_Juu: Kwa 1,280°C chukua ya potasi. Albiti huyeyuka 1,118°C na uji wake ni mwepesi zaidi, unatiririka hadi kwenye rafu ya tanuri. Pia glezi yenye sodiamu nyingi husinyaa sana ikipoa, ndiyo maana inapasuka nyufa kama utando wa buibui. Ya potasi huanza kuyeyuka karibu 1,150°C, lakini uji wake ni mzito, unakaa.
Anza na, kwa sehemu za uzito: feldispa 40, kwatzi 30, mawe ya chokaa yaliyosagwa (yasiyochomwa) 20, kaolini (udongo mweupe wa mfinyanzi) 10. Ikiganda chini ya ndoo, ongeza bentonaiti (udongo laini sana) 2.

Mwanamiamba: Kabla ya kusaga, ponda hadi ukubwa wa punje za sukari, utoe vipande vyeusi vya maika, maana chuma chake huacha madoa ya kahawia. Saga na maji. Vumbi la kwatzi linaharibu mapafu.

Mfinyanzi_Kirumba: Ile ya pinki ina michirizi iliyopinda, haina mistari. Nyeupe ina mistari kabisa.

Moto_Juu: Basi ni pinki. Finyanga pia koni ndogo mbili za gramu 10, moja ya kila unga, zichome pamoja juu ya kigae. Itakayobaki na umbo zaidi ndiyo ya potasi.